Majani ya Mpera

Shuleni kwetu, upande wa Masumbwe, hakuna aliyewahi kukamatwa kwa kunuka tumbaku. Wazazi wetu walikuwa wakulima wa tumbaku, na msimu wa kukausha tulitoka kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia, tukaja moja kwa moja darasani. Sare, nywele, madaftari, vyote vilinuka. Hata mwalimu wa zamu alikuwa na bani lake.

Kaka yangu alikuwa kidato cha nne, mimi cha tatu. Kabla ya kengele tulijificha nyuma ya choo, tukasokota jani la baba kwenye karatasi ya daftari la jiografia. Mimi nilikohoa. Yeye alitoa moshi puani kama mwenye mgodi.

Kisha zikaenea habari kwamba majani ya mpera huondoa harufu mdomoni. Ndani ya wiki mbili mpera wa pale chooni ukabaki matawi matupu upande wa chini.

Kaka alikuwa ameshakamatwa mara moja, sigara mkononi. Aliambiwa akirudia, arudi nyumbani moja kwa moja. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia.

Asubuhi moja nilikuwa narukaruka chini ya mpera, majani siyafikii.

“Kaka, nichumie.”

“Kua kwanza.”

“Nitanuka.”

“Wewe umenuka tangu uzaliwe.”

Akatafuna lake. Kengele ikalia.

Mstarini mwalimu alituuliza kwa upole, “Nani amefuga mbuzi hapa shuleni?”

Akaunyoshea mpera kidole.

“Mpera umeliwa mpaka pale mkono wa mtu unapofika. Fungueni vinywa.”

Akapita akinusa mmoja mmoja. Tumbaku hakuijali. Aliyenuka mpera ndiye aliyetolewa mbele. Wakafika tisa, warefu watupu, na kaka mmoja wao.

Aliponifikia mimi alinusa, akasema, “Huyu ni bani tu.” Akapita.

Nilikuwa nimevuta sawasawa na wao. Kaka alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. Ningeweza kutoka mbele. Sikutoka, na ukweli ni kwamba nilifurahi.

Wale wanane wengine walifyeka uwanja wiki nzima. Kaka alipewa barua ya kwenda nayo nyumbani. Mtihani hakuufanya. Alikwenda Nyarugusu kwenye mashimo ya dhahabu, na mimi nikamaliza kidato cha nne, shule yangu ikaishia hapo.

Mwaka huu tumemzika. Wapo wanaosema ni sigara, wapo wanaosema ni vumbi la mawe. Daktari alisema mapafu, hakuongeza neno, na mimi siongezi.

Msibani shangazi mmoja alisimulia kwamba kaka aliacha shule ili mimi nisome. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilimwambia baadaye, tukiwa wawili, kwamba haikuwa hivyo, maana nilikuwa nimeshamuuliza kaka mwenyewe.

Ilikuwa wiki zake za mwisho, nikimnywesha uji.

“Kaka, siku ile mstarini nilipaswa kutoka mbele.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Mfupi wewe. Nilikuwa na jani jingine mfukoni.”

“Ulinificha nisikamatwe?”

“Nikufiche nini? Nilikunyima. Lile nililiweka la mapumziko ya saa nne.”

Akafungua mdomo, nikampa kijiko kingine.