Harusi ya Shambani

Juzi sokoni Majengo nilichota uwele kiganjani, na harufu yake ya vumbi ikanirudisha shambani kwetu, alasiri ile ndege kweleakwelea waliposhuka kama wingu juu ya uwele wetu. Majirani walisema tusubiri ndege ya serikali ije kupulizia dawa. Mama hakubishana nao. Alichukua sufuria na mwiko, akaanza kupiga huku akiimba. Shamba la jirani likaitikia kwa madebe, la ng'ambo kwa vigelegele. Nikajua ni harusi.

"Mama, bibi harusi yuko wapi?"

"Wewe piga, mwanangu. Atakuja."

Tulipiga mpaka ndege wakahama. Sikujua tulikuwa tunagombea chakula cha mwaka mzima.

Baada ya mavuno, mama aliniwekea ugali wa uwele, bado unafuka moshi.

"Bibi harusi wako huyo."