Risasi juu, ukuta wa mawe chini: siku nilipomvuta shemeji mguu ziwani Tanganyika

Wakuu, salaam. Hii siitii chumvi, naiweka mbichi ilivyokuwa.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Miaka ya vita nilikuwa napiga mbizi kwa mitungi ya hewa na shemeji yangu Yahya, tunakamata samaki wa mapambo kwa patron mmoja, bosi wetu, aliyewauza Ulaya. Ndiyo, watu wanakimbia risasi, sisi tunawinda visamaki vya sebuleni kwa wazungu. Njaa haijui vita.

Asubuhi hiyo dada yangu, mke wa Yahya, mimba kubwa, alisimama mlangoni kwao Kanyosha akaniambia, "Kaka, unirudishie bwana yangu." Basi. Akaingia ndani.

Tulikwenda kusini, pale mlima unapoingia ziwani na kuendelea chini, ukuta mtupu wa mawe. Mashuani alibaki Mzee Saidi, mwenye moteri, yaani injini ya mashua. Kamba ilitoka kwake ikashuka hadi kwenye kikapu chetu cha samaki.

Kwa wasiojua: samaki wa kina hapandishwi mbio. Tumbo linajaa hewa, anageuka chali, anakufa. Unapanda kidogo, unasubiri azoee, unapanda tena. Binadamu naye vivyo hivyo, akikurupuka anaweza kupooza.

Kipimo chetu cha kina kilishaharibika, patron kila siku kesho, kesho. Kwa hiyo tulikuwa tunawatazama samaki. Wakiyumba, tunasimama.

Tuko chini, nikasikia ko, ko, ko, kama mtu anagonga sufuria: risasi. Kisha moteri ikanguruma. Ndani ya maji sauti inatoka kila upande, hujui inakuja au inakwenda.

Nikavuta kamba. Ikaja yote, imekatwa.

Wakuu, niliogopa mpaka dua zikanipotea.

Yahya akabeba kikapu akapanda kama kizibo. Nikamdaka kifundo cha mguu, nikamvuta chini. Akanipiga teke la uso. Nikang'ang'ania, nikamwonyesha kikapu: samaki wameanza kugeuka chali. Akatazama, akaacha kupigana.

Tukasubiri. Hewa ya mitungi inapungua, mapovu yetu yanapanda, na yeyote mwenye bunduki kule kilimani akiyaona anajua pa kulenga. Hata kupumua niliona najichongea.

Samaki wakakaa sawa, tukapanda kidogo. Wakayumba, tukasimama. Mtungi wangu ulishakuwa mgumu kuvuta tulipotokeza vichwa katikati ya mawe.

Mashua hakuna. Yahya alimlaani mzee wa watu kwa maneno ambayo mods watanifungia nikiyaandika.

Tulijibana mle hadi adhuhuri ikapita, ndipo Mzee Saidi akarudi kwa kasia, moteri kaizima, polepole. Tundu la risasi ubavuni mwa mashua amelizibia kofia yake.

"Apana, mi sikukimbia," alisema. "Ningebaki pale, wangeona mapovu yenu."

Yahya akampokea kasia.

Nyumbani dada alimkagua mumewe kama nguo ya mtumba. Akafika mguuni, penye alama za kucha. "Hii kucha ni ya nani?"

Nikamwambia, "Ni zangu. Alikuwa anakuja kwako mbio, nikamrudisha chini."

Machozi yakamtoka. Kisha akanishika mkono, akaangalia vidole vyangu kimoja kimoja.

"Usikate hizi kucha bado," akasema.

Funzo nililobaki nalo: anayekuvuta chini si lazima awe adui yako.

Kama nawe uliwahi kushikwa mguu ukatukana, halafu ukaja kushukuru, kiti hiki hapa. Yahya anasoma huu uzi, na bado anatembea kwa miguu yake miwili.