Raketi ya Ami Hamadi Inanukia Nazi

Jamani, kuna mtu hapa Msambweni anaipaka raketi ya mpira wa meza mafuta ya nazi!

Ni ami yangu, Hamadi. Tena ndiye nahodha wetu.

Raba ya raketi yake imelika mpaka imekuwa laini kama kigae. Yeye akiiona inang'aa, anasema nzima. Kichupa cha mafuta hakimtoki mfukoni.

Leo tumecheza na timu ya Galu. Ami akaanzisha, mpira ukateleza ukaingia wavuni. Akarudia, wavuni. Akalaumu feni. Feni yenyewe imezimwa!

Binti wa Galu aliyemfunga seti hiyo akaipapasa ile raketi. "Shikamoo mzee. Raba isiyoshika mpira hubadilishwa."

"Marahaba. Ngozi ikikauka hupakwa mafuta, mwanangu. Haivuliwi."

Ngozi! Nikaona haya mimi.

Kabla ya seti ya mwisho nikamwazima raketi yangu, raba mpya kabisa. Akatoka nayo nje, eti apate upepo.

Akarudi anatabasamu.

"Ilikuwa kavu mno, mwanangu. Nimekutengenezea."

Sasa raba yangu inang'aa kama kipara chake.

Haya, chekeni.