Wasichana Wote Tulikuwa Kaur

Sisi tuliokulia Karatu kabla ya lami tunatambuana kwa magoti. Yangu yana makovu ya kuteleza kwenye udongo mwekundu tukikimbiza matairi njia ya mnadani. Nakumbuka asubuhi za mwezi wa saba, baridi inakata masikio, kiporo cha makande tumboni, na sweta lililokwisha kupita kwa dada zangu wote kabla ya kunifikia. Tukitoka shule ilikuwa rede na kombolela mpaka mama aite. Na mama hakuwa mtu wa kurudia. "Ukisikia naita tena," alikuwa akisema, "ujue mwiko uko mkononi."

Uwanja wetu mkuu ulikuwa gereji ya Fundi Balbir Singh, Kalasinga aliyetengeneza Land Rover za watalii zilizoteremka kutoka Ngorongoro zikiwa hoi. Alikuwa na kilemba cha bluu, ndevu hadi kifuani, na sauti nzito ambayo haikuwahi kumtisha mtoto yeyote. Mwanawe Jasbir alikuwa darasa la tano. Binti yake, Manjit, alikuwa darasa la nne pamoja nami, na ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Hakuna aliyemweza kwenye rede. Aliongea Kiiraqw chetu kwa namna ya kutuvunja mbavu, na mama yake alitupa chapati za moto zenye samli iliyochuruzika hadi kwenye viwiko.

Balaa lilianza siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu alipotangaza walioongoza mbele ya wazazi.

"Darasa la tano, Jasbir Singh!" Makofi.

"Darasa la nne, Manjit Kaur!" Makofi yakalegea.

Kaur? Mimi ni Veronika Tluway kwa sababu baba yangu ni Tluway, basi. Sasa baba Singh, kaka Singh, halafu binti awe Kaur? Kabla hatujafika nyumbani, akina mama walikuwa wameshampata huyo Bwana Kaur. Mmoja alisema ni mfanyabiashara wa Arusha. Mwingine aliapa ni dereva wa lori, tena mrefu.

Shule ilipofunguliwa, mvulana mmoja akamuuliza Manjit mbele ya darasa zima baba yake halisi anaishi wapi. Manjit hakulia. Alichukua mkoba wake, akatoka, na kesho yake hakuja. Geti la gereji, ambalo sikuwahi kuliona limefungwa mchana, likafungwa. Jasbir akatuambia baba yao anawatafutia shule ya bweni Arusha.

Jioni hiyo mama aliniona nikichezea ugali na mlenda. Akauliza kulikoni, nikamweleza. Akasema, "Tumemwonea yule mtoto."

Jumamosi tukaenda mashineni kusaga. Mama Manjit alikuwa kwenye foleni na ngano yake, na wanawake wote ghafla wakawa wanaangalia ndoo zao. Wote isipokuwa Mama Paskali, mchuma kahawa aliyetoka Singida, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Mama Manjit, samahani," akasema kwa sauti ya kushinda mashine. "Huyu Kaur ni nani?"

Mama yangu akafumba macho.

"Kaur?" Mama Manjit akashangaa. "Kaur ni mimi!"

"Wewe?"

"Mimi. Na mama yangu. Na mama mkwe wangu, na dada zangu wote. Wanawake wa dini yetu wote ni Kaur, wanaume wote ni Singh. Singh maana yake simba. Kaur ni binti wa mfalme."

Mwenye mashine akaizima ili asikie vizuri.

Mama Manjit akaeleza kwamba kule kwa mababu zake, jina la ukoo lilitangaza kila kitu. Ukilisikia tu, unajua huyu ni wa juu, huyu wa chini, huyu fundi, huyu mfagizi; unajua utakula naye au hutakula naye. "Walimu wetu wa dini wakasema basi. Wote wawe simba, wote wawe mabinti wa wafalme, asijulikane mkubwa nani." Kisha akaongeza polepole, "Na nyinyi mkamtafutia binti yangu baba mwingine."

Mama yangu akasogea, akamshika mkono. "Tusamehe, dada. Kwetu aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Tluway, aliyezaliwa njiani ni Safari. Hatukujua kuna jina la namna hiyo."

Mama Manjit akamtazama, halafu akatabasamu. Hapo maswali yakafunguka. Na Pateli wa duka la vitenge? Mababu zake walikuwa wakuu wa vijiji. Na Soni? Hilo ni jina la masonara.

"Na Popati wa baiskeli?" akauliza Mama Paskali.

Mama Manjit alicheka mpaka akajifuta machozi. "Popat ni kasuku!"

Tuliangua kicheko, maana mzee Popati alikuwa bubu wa hiari. Ukinunua kwake spoku, uliondoka bila kusikia neno.

Jumatatu Manjit alirudi. Mwalimu alipoita majina, Magdalena, aliyekuwa nasi mashineni, akajibu, "Magdalena Kaur, nipo!" Nikafuata, "Veronika Kaur!" Wasichana wote tukawa Kaur, wavulana wote wakanguruma kama simba. Manjit alicheka hadi akainamia dawati. Geti likafunguliwa, Arusha ikasahaulika, na Fundi Balbir akatulalamikia: "Simba mmezidi humu! Nani atanishikia spana?"

Leo lami imefika, gereji imekuwa hoteli, na Manjit anaishi ng'ambo. Tukipigiana simu bado ananiita Binti Mfalme. Mwanangu wa mwisho ana majina matatu mtandaoni, na hakuna hata moja tulilompa sisi. Juzi nilimwomba anipigie jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kwenye simu yake amemwandika "Geti Jeusi". Nikamuuliza jina lake nani. Akainua mabega. Nikataka kumgombeza, nikakuta hata mimi silijui, na tumepakana miaka.

Enzi zetu tuligombana kwa sababu ya jina la jirani. Angalau tulikuwa tunalijua.