Siku Mama Nafasi alipompima mwanawe

Ni siku ya mwisho, na benchi la nje ya duka la steshenari limejaa kabla mwenye duka hajafika. Vijana wameshika bahasha za matokeo, wazazi wameshika simu, na kila mmoja anamtupia mwenzake jicho la pembeni. Dirisha la maombi ya vyuo vikuu vya serikali linafungwa jioni. Ndani kuna kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi inayonguruma, na feni inayozungusha joto lilelile.

Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Wateja wamempa jina la Mama Nafasi, na hata mumewe, fundi seremala, humwita hivyo akitaka kumtania. Miezi mingine hupiga picha za pasipoti na kuchapa barua za watu. Msimu wa maombi ukifika, hutazama alama za mtoto wa mtu na kusema kama chuo cha serikali kitamchukua au la.

"Nina majibu matatu tu," anasema, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Ndani, mlangoni, au nje. Ndani utapata. Mlangoni unaweza kupata, unaweza kukosa. Nje, tusidanganyane, tafuta kozi nyingine."

Kwanza huangalia alama za masomo ambayo kozi inayataka. Halafu alama ya chini kabisa iliyopokelewa mwaka uliopita. Mwisho, na hapa ndipo wengi wanapomwamini, hukumbuka waliokalia kiti chake msimu huo wameomba nini. Kozi ikivamiwa na waombaji, yeye huwa miongoni mwa watu wa kwanza kujua, na mwaka huu iliyovamiwa ni uuguzi.

Mwombaji hupanga kozi tano, na chuo huanza na wale walioiweka ya kwanza. Ukikosea mpangilio unaweza kukosa zote, hata kama alama zako si mbaya. Lakini kinachomtoa jasho Mama Nafasi si vijana, ni wazazi wao. Baba mmoja asubuhi hii ametaka machaguo yote matano ya mwanawe yawe udaktari, chuo hiki na kile na kile, utadhani anacheza bahati nasibu kwa namba moja. Mama Nafasi anambembeleza atoke nje kidogo apate hewa. Mzee akishatoka, kijana ananong'ona kwamba yeye akiona damu tu huishiwa nguvu.

Watu wanacheka, hata Mama Nafasi anacheka, lakini si kicheko cha mtu aliyetulia. Kila baada ya muda anageuka kuitazama mashine ya kopi.

Anayetoa kopi ni binti yake, kitinda mimba wake, ambaye naye amemaliza sekondari mwaka huu. Ameomba uuguzi, chaguo la kwanza, katika chuo cha serikali. Vyuo vya binafsi hawaviwezi. Binti huyu ndiye aliyemuuguza bibi yake mpaka pumzi ya mwisho, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya kazi nyingine.

Msimu mzima Mama Nafasi amewapima watoto wa wenzake. Wake hajampima. Kila binti akiuliza, hujibiwa "tutaona, mwanangu," kisha hutumwa karatasi.

"Nilikuwa naogopa," mama anakiri. "Mtoto wa mwenzio unamwambia mlangoni, anaondoka na lake. Wa kwako mnakula sahani moja."

Mchana anaingia msichana mrefu, mpole, akiongozana na mjomba wake. Mjomba ndiye msemaji. Anaeleza kwamba mpwa wake ameshaomba, biashara ya kwanza, na wamekuja kuhakikisha tu kwamba maombi yamefika. Yamefika. Mjomba anainuka aondoke, lakini mpwa wake bado amekaa.

"Shikamoo, mama," anasema, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Nikibadilisha, nikaweka uuguzi wa kwanza, nitapata?"

Anataja chuo. Ni kilekile alichoomba binti wa kopi.

Mashine ya kopi inanyamaza. Mama Nafasi anazisoma alama za msichana, anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Alama zake ni nzuri. Zimezipita za binti aliyesimama nyuma yao, tena si kwa kidogo.

Angeweza kusema mlangoni. Mjomba angefurahi, msichana angerudi kwenye biashara yake shingo upande, na hakuna ambaye angejua. Baadaye anasimulia kwamba neno lenyewe lilikuwa limeshamfika ulimini.

"Ndani," anasema.

Mjomba anaguna kwamba biashara ina pesa. Mpwa wake amepiga moyo konde. Anabadilisha mpangilio na kubonyeza kitufe cha kutuma mwenyewe, maana Mama Nafasi hambonyezei mtu. Wanaaga, wanaondoka.

Binti anaiacha mashine na kukaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama, nipime na mimi."

Safari hii hakuna karatasi ya kutumwa. Mama anageuza kiti kumtazama. "Mlangoni," anasema. "Na mwaka huu hapo mlangoni mmebanana."

"Yule dada ungemwambia mlangoni, angerudi kwenye biashara."

"Najua."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kwa sababu aliniuliza."

Benchi zima limetega sikio. Binti macho yamemwiva. Kisha anauliza, kama ni mtoto wa mtu mwingine mwenye alama kama zake, angemshauri nini. Mama anamjibu kwamba angemwambia aweke kozi ya lishe iwe ya kwanza, uuguzi ufuate. Lishe yuko ndani bila wasiwasi. Uuguzi ukiwa wa pili, asiutegemee sana.

"Basi fungua," anasema binti.

Mtandao nao unachagua saa hiyo kugoma. Ukurasa unazunguka, unakatika, unaanza upya. Wateja walioko nje wanalalamika kwamba muda unakwenda. Mama Nafasi anakosea neno la siri, anarudia. Jua limeshageuka kabisa ukurasa unapofunguka, na binti anabonyeza kitufe kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Maombi yanapokelewa. Anarudi kwenye kopi zake, na mpaka duka linafungwa hajamsemesha mama yake.

Mwandishi wa makala haya anaporudi dukani wiki mbili baadaye, majibu bado hayajatoka. Mama na mwana wanazungumza tena, ingawa jina la kozi halitajwi. Mama Nafasi ana mpango: binti akichukuliwa lishe, atamtafutia nafasi ya kujitolea hospitalini wakati wa likizo, awe karibu na wagonjwa kama alivyotaka. Ameshaanza kuulizia.

Kuhusu siku ya majibu, anasema hatalitafuta kwanza jina la mwanawe. Atalitafuta la yule msichana, aliyeacha alichokuwa na uhakika nacho kwa neno lake. Kisha ataangalia alama ya mwisho iliyopokelewa katika uuguzi. Ikiwa chini ya ya binti yake, maana yake binti angepata kama angeachwa alipokuwa, na aliyemtoa ni mama yake mzazi.

Anachungulia nyuma kuhakikisha mashine inanguruma, ndipo anaposhusha sauti.

"Kila usiku naomba yule mtoto wa watu apite," anasema. "Halafu naomba alama ya mwisho iwe juu ya ya mwanangu, ili ijulikane wangu asingepata hata kama angebaki. Sasa niambie, ni mama gani anayemwombea mwanawe hivyo?"