Saturnina na Mabati ya Shule ya Qalapampa

Mwalimu Wilfredo alipofika kijijini kwetu Qalapampa, milimani Bolivia, na kutuomba tujenge shule ya sekondari, Saturnina Choque peke yake hakunyoosha mkono. Alikuwa mjane mwenye kondoo wachache. Zamani kaka yake aliwaamini wageni wa mgodi, akapoteza shamba. Tangu hapo, kwa Saturnina, mgeni alikuwa mwizi ambaye hajapata nafasi tu.

"Mtu aache mji wenye taa, aje kupigwa na upepo huu kwa kuwapenda watoto wetu?" alituambia. "Huyu ananusa madini chini ya kilima."

Basi akamchunga. Mwalimu akichimba msingi, Saturnina yuko ukingoni anasokota sufu, anachungulia shimo. Mwalimu akienda mjini Oruro, Saturnina naye kapanda lori hilohilo, kajikunyata nyuma ya magunia ya viazi.

"Mama Saturnina, leo tena una safari?"

"Kwani barabara ni ya baba yako?"

Matofali tulifyatua wenyewe, kuta zikasimama. Mabati yakaletwa, yakafungiwa kwenye ghala la kijiji. Siku ya kuezeka, ghala likafunguliwa: nusu ya mabati hayapo.

Mkuu wetu wa kijiji, Don Fausto, ndugu wa marehemu mume wa Saturnina, akaitisha mkutano palepale. "Bati halina mabawa," alisema. "Siku ya soko mwalimu alikuwa Oruro. Kayauza."

Watu wakaanza kunguruma. Mama yangu, aliyekuwa akimpikia mwalimu, akampa kisogo.

Saturnina akainuka, akatema majani ya koka aliyokuwa akitafuna.

"Mimi huyu mtu simpendi," alisema. "Nimemfuata tangu afike. Nilitamani aibe, niwaambie, si mnaona? Hajaiba. Siku ya soko nilikuwa nyuma yake kutwa nzima. Kanunua bawaba za mlango, kanywa supu, karudi. Na ufunguo wa ghala hana. Anao nani?"

Macho yote yakamwendea Don Fausto. Akajichekesha. "Shemeji, sasa unanishuku mimi?"

"Nashuku kila mtu. Wewe nilikusahau, na hapo ndipo nilipokosea."

Mabati tuliyakuta zizini kwa mkwe wa Fausto, yamefunikwa nyasi. Fausto akavuliwa ukuu, na shule ikaezekwa kabla ya mvua. Mwalimu alimpelekea Saturnina mkate wa shukrani. Saturnina aliumega, akaunusa kwanza, ndipo akala.

Shule ilipofunguliwa, alimleta mjukuu wake Justina, kisha akakaa chini ya dirisha la darasa asikie wanachofundishwa. Alifanya hivyo muhula mzima. Baadaye tulipata maabara, kisha bweni, na Justina akasomea ualimu, akarudi kutufundishia watoto hesabu. Saturnina hakuwahi kutamka kwamba shule ni nzuri. Ila kila mwalimu mkuu mpya, asubuhi yake ya kwanza, alimkuta mlangoni akimsubiri.

"Karibu, mwanangu. Huko ulikotoka walikufukuzia nini?"