Nilisaini kurasa za helikopta na bado zilikuwa chini ya mguu wa meza yangu

Wakuu, sasa.

Mimi ni mzee wa Riruta, natype na kidole kimoja, so mnivumilie. Hii stori sijaongeza chumvi. Ingekuwa ya uongo ningejiweka vizuri zaidi.

Mwisho mwisho wa miaka ya hamsini nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya helikopta. Helikopta yenyewe ilikuwa moja. Ilikuwa inanyunyiza dawa kwa mashamba ya wazungu huko Njoro. Ofisi ilikuwa mjini, banda la helikopta Muthangari, na wakati huo Muthangari ilikuwa kahawa tupu.

Kazi zangu zilikuwa mbili.

Kwanza, kila ubovu mafundi wameona unaandikwa kwa defect book. Ukitengenezwa, mtu anasaini, unafungwa. Kila Jumatatu kabla ya lunch nilikuwa nawasomea watu wa banda yale hayajafungwa.

Pili, waliounda helikopta walikuwa wanatuma kwa posta kurasa mpya za manual, kile kitabu cha mafundi kilichokaa banda. Natoa ukurasa wa zamani, naweka mpya, nasaini kwamba nimeweka.

Kazi ya kuboesha, haki ya nani.

Sasa, meza yangu ya mjini ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Ukipiga taipu, inacheza. Siku moja packet ya kurasa ikafika, nikaona unene wake unatosha kabisa. Nikaiweka chini ya mguu, nikajiambia nitaipeleka Muthangari kesho.

Ijumaa nikiwa banda, Bwana Polepole akauliza kama manual iko up to date. Huyo alikuwa mzungu mkubwa wa mafundi, tulimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kupaza sauti. Nikasema ndiyo bwana. Nikasaini.

Meza ilitulia vizuri sana.

Fundi wetu alikuwa Odera, mtu wa Nyanza. Ndiye aliniombea hiyo kazi, na siku nikiwa banda, lunch tulikula githeri, mahindi na maharagwe, kwa sufuria moja. Yeye pia ndiye alikuwa anapanda na rubani kwenda Njoro kuangalia mashine. Wiki hiyo aliandika kwa book: pedali zinatetemeka. Akafungua manual. Manual ikasema paka grisi, endelea. Akapaka, akasaini.

Asubuhi ya safari ya Njoro packet ingine ikafika, nene kidogo kuliko ile. Nikaona hii itafaa meza zaidi. Nikavuta ile ya kwanza, na ukurasa wa juu nikausoma, bahati tu.

Pedali zikitetemeka, usipake grisi. Usiruke. Fungua mkia, angalia shafti.

Ngai!

Nikapiga simu banda, hakuna anayeshika. Nikachukua baiskeli. Kutoka mjini hadi Muthangari ni kupanda, na nilipanda nikilia, sioni haya kusema. Nilifika mapanga yanazunguka, Odera amekaa ndani na kikapu chake. Nikasimama mbele nimeinua karatasi kwa mikono yote miwili. Rubani akazima injini, akanitukana kwa Kizungu safi.

Walifungua mkia. Shafti, kile chuma kinazungusha panga la mkia, ilikuwa na ufa. Odera akajaribu kuingiza ukucha, ukaingia. Akaniangalia.

"Na ulikuwa umesaini," akasema.

Hiyo tu. Akaenda kuosha mikono.

Nilingoja kufutwa. Bwana Polepole akachukua defect book, akaandika: Karani anasaini kazi ambayo hajafanya. Nikamuuliza nani atafunga hiyo.

"Yule alikuwa amekaa ndani na kikapu," akasema.

Na wakuu, kumbukeni msomaji ni mimi. Kila Jumatatu: taa ya mbele, bado. Kiti cha rubani, bado. Karani anasaini kazi ambayo hajafanya, bado. Rubani alikuwa anakuja mapema asikose.

Kucheka wacheke. Kilichoniuma ni Odera. Alikuwa anakula peke yake nyuma ya mapipa ya mafuta. Huyo mtu aliniingiza kazini, na mimi nilikuwa karibu kumzika.

Mvua kubwa ilikuja ikaisha, bado niko kwa book.

Kisha siku moja ya safari, rubani ameshavaa kofia, Odera akaja nilipokuwa naweka kurasa. Mara ya kwanza kuniongelesha tangu ule ufa.

"Karani, umemaliza?"

"Bado. Zimebaki mbili, na moja imefika imeraruka, haisomeki. Sisaini."

Rubani akawaka. Bwana Polepole akasema basi hakuna kuruka mpaka ukurasa mwingine ufike. Odera akasema "sawa", akarudi kwa kazi yake.

Jumatatu nikasimama kusoma. Taa ya mbele, bado. Kiti cha rubani, bado. Karani...

Chini ya ule mstari wangu kulikuwa na mwandiko wa kalamu: Imekaguliwa. Inafaa kazi. Odera.

Watu wakangoja. Macho yalikuwa yamejaa maji, herufi sizioni.

"Endelea basi, karani," Odera akasema. "Githeri inapoa."

Ndiyo hiyo, wakuu. Nilichojifunza: neno "bado" linaaibisha, lakini halijawahi kuua mtu. Saini ndiyo ogopa.

Sasa nyinyi semeni, nani hapa ako na yake haijafungwa? Na mwenye meza inacheza, tafuta kipande cha mbao.